Pikap Haijazeeka, Imenyweshwa: Historia Fupi ya Dizeli Kule South Nyanza

Msee akiona pikap ya kitambo ikipanda kutoka Rongo kwenda Kisii kwa gia ya pili, moshi mweusi umefunika boda boda tatu nyuma yake, huwa na jibu moja tu: hiyo gari imezeeka, iuzwe vyuma. Mimi napinga. Injini ya dizeli ya miaka ya 80 na 90 ni chuma kizito sana, na kuzeeka kwake si kama kwako na betri ya simu yako. Ikikosa nguvu kuna sababu, na sababu nyingi ninazozijua hazikuanzia kwenye gari. Zilianzia kwenye bei ya mafuta taa, kwenye biashara ya samaki, kwenye milima, na kwenye mambo yaliyoamuliwa Nairobi kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kila nikipost kitu cha historia kuna mtu lazima aulize nasomea wapi. Hii ya leo nimeisomea nyuma ya stendi ya Migori, kwenye gereji isiyo na bango, nikiwa nimekaa juu ya tairi. Kwa hivyo kaa na wewe.

Tuanze na swali ambalo hatuulizi: hizi pikap zilifika aje South Nyanza? (Kwa wadogo: South Nyanza ndilo jina la wilaya ya zamani, makao yake makuu yakiwa Homa Bay. Kaunti za Migori na Homa Bay unazozijua zilianza kazi 2013.) Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilitaka magari yaunganishwe hapa hapa badala ya kuletwa yakiwa yamekamilika. Zikaanzishwa kampuni tatu: Leyland kule Thika, Associated Vehicle Assemblers Mombasa, na General Motors Kenya hapo Mombasa Road, Nairobi. Hiyo ya General Motors ndiyo ilituletea Isuzu, na ndiyo leo inaitwa Isuzu East Africa, tangu Wajapani waliponunua hisa za Wamarekani 2017. Peugeot 504 nayo iliendelea kuunganishwa Kenya hadi miaka ya 2000, wakati Ufaransa kwenyewe walikuwa wameshaisahau. Hiyo 504 ilikuwa na jina kubwa kwa sababu ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na hapa kwetu gari ikishinda Safari, mjadala umeisha.

Lakini ushindi haubebi mzigo. Kilicholeta pikap kwa wingi upande wa ziwa ni pesa ya aina mbili. Ya kwanza ni miwa: kiwanda cha sukari cha South Nyanza pale Awendo kilianza kusaga 1979, na kiwanda kikianza, kila mtu anahitaji kusafirisha kitu, mbolea, mafundi, chakula, vyuma. Ya pili ni mbuta. Huyu samaki alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akakaa kimya muda mrefu, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Ghafla kuna viwanda vya minofu, kuna wanunuzi wa Ulaya, kuna barafu, na kuna haraka. Samaki si mahindi. Mahindi yanaweza kulala njiani siku tatu na hakuna mtu atalia. Mbuta anakupa masaa. Kwa hivyo pikap ikikosa nguvu kwenye mlima, barafu inayeyuka, na kila dakika unayopanda kwa gia ya pili inakatwa kwenye bei. Hapo ndipo shida ya injini inageuka kuwa karo ya mtoto wa mtu.

Sasa milima. Hii sehemu naipenda kwa sababu ni hesabu tupu na hakuna mtu huiongelea. Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Kisii mjini ni kama mita 1,700. Ukiendelea kwenda Nairobi kupitia Kericho unapita mita 2,000. Hewa hupungua kadiri unavyopanda: kule Homa Bay ufuoni tayari umekosa karibu asilimia 10 ya hewa aliyonayo mtu wa Mombasa, Kisii umekosa kama 15, Kericho karibu 20. Injini ya dizeli isiyo na tabo huvuta tu hewa iliyopo. Pampu yake haijui kwamba hewa imepungua, inaendelea kumwaga dizeli ile ile. Dizeli ikizidi hewa, haiungui yote, na ile isiyoungua ndiyo moshi mweusi uliofunika boda boda zetu. Kwa hivyo kuna nguvu ambayo pikap ya samaki hupoteza bila kuwa na ugonjwa wowote. Ni jiografia. Fundi mzuri anajua kuitoa hiyo kwanza kwenye hesabu kabla ya kulaumu chuma. Gari ikiwa sawa Homa Bay lakini nzito kidogo Kisii, iache. Ikiwa nzito hata tambarare ya Kendu Bay, hapo sasa tuongee.

Rudolf Diesel mwenyewe hangeshangaa kuona injini yake kwenye gereji ya mabati. Mjerumani huyo aliifanya ifanye kazi vizuri 1897 kule Augsburg, na mojawapo ya ndoto zake ilikuwa kwamba fundi mdogo apate mashine yake mwenyewe, asimezwe na viwanda vikubwa. Alipotea baharini Septemba 1913 akiwa kwenye meli kuelekea Uingereza, na mpaka leo watu wanabishana kama alijirusha au alisukumwa. Hiyo ni post ya siku nyingine. Kinachotuhusu ni wazo lake: injini isiyo na plagi za kuwasha moto, inayobana hewa hadi hewa yenyewe inakuwa moto wa kuwasha mafuta. Maana yake ni kwamba pikap ya zamani ya dizeli ikishawaka haihitaji umeme mwingi, na kompyuta hakuna kabisa. Inahitaji vitu vitatu tu: hewa safi, mafuta safi kwa kipimo na kwa wakati wake, na mbano. Ukikosa nguvu, umekosa kimoja kati ya hivyo, au kuna kitu kinaishika gari isiende, kama klachi inayoteleza au breki iliyonata.

Na hapo kwenye mafuta safi ndipo Kenya ilipojiumiza yenyewe.

Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli. Nia ilikuwa nzuri: mafuta taa ni ya mama mwenye stovu na mtoto anayesoma kwa koroboi. Lakini ukiweka bidhaa mbili zinazofanana kando kwa kando na moja ni rahisi, kuna mtu ataamka usiku azichanganye. Dizeli ilichanganywa na mafuta taa Kenya nzima, na serikali ilijua, mpaka ikawa inatia alama ya kemikali kwenye mafuta taa ili wakaguzi waweze kuyagundua ndani ya dizeli. Mwishowe, Septemba 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, na haikuficha sababu: jina la ushuru wenyewe lilisema ni wa kuzuia uchanganyaji. Ulifanya kazi. Pia ulimpiga yule mama wa stovu, ambaye hakuwa amechanganya chochote. Lakini magari yaliyokunywa ule mchanganyiko miaka 10 au 20 bado yako barabarani, na ushuru hauponyi pampu.

Kwa nini pampu? Kwa sababu kwenye Isuzu na Hilux nyingi za zamani, pampu ya dizeli ni ile ya duara moja inayogawa mafuta kwa silinda zote, muundo ulioletwa na Bosch miaka ya 1970 na Wajapani wakautengeneza kwa leseni. Ndani yake hakuna oili. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Dizeli ina utelezi. Mafuta taa ni mepesi, yanakausha. Kila lita ya mchanganyiko ilikuwa inasugua chuma kwa chuma, kidogo kidogo, vipande ambavyo nafasi kati yao ni ndogo kuliko unywele kwa mbali sana. Halafu inakuja dalili ambayo wazee wa gereji wanaijua kwa macho: asubuhi gari inawaka vizuri, inavuta vizuri. Ikishapata moto, inalegea. Ukiizima Rongo kununua maji, haiwaki tena. Mafuta yamekuwa mepesi kwa joto na yanavujia ndani ya pampu iliyolika badala ya kusukumwa kwenda kwa nozo.

Kipimo chake? Kitambaa. Unalowesha kitambaa na maji baridi, unakiweka juu ya pampu, unangoja, unapiga stata. Ikiwaka, umepata jibu: pampu imelika. Hakuna skana, hakuna laptop, kitambaa. Mara ya kwanza kuona hiyo kitu nilifikiri ni uganga. Halafu nikaelezwa, nikaona ni fizikia ambayo nililipia karo nikaambiwa ni ngumu.

Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu hii ndiyo beef yangu. 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyofanya dunia nzima ianze kuongea kuhusu "sekta isiyo rasmi". Yaani wataalamu walikuja hapa, wakaona watu wanaofua vyuma chini ya jua, wakagundua kwamba hao si wavivu wanaongoja kazi, hao ndio uchumi. 1985 Rais Moi akatembelea mafundi wa Kamukunji Nairobi, akaagiza wajengewe vibanda, na jina la jua kali likaanza kusemwa hadi bungeni. Vizuri. Vibanda vilijengwa. Lakini ujuzi wenyewe, ule wa kitambaa na pampu, nani aliuandika? Ukienda maktaba utapata vitabu kuhusu jua kali: mikopo yao, mapato yao, sera zao. Jinsi wanavyofikiri mbele ya injini, utatafuta sana. Tanzania wana jina tamu la gereji kama hizo, gereji bubu. Nalipenda na nalichukia, kwa sababu zile gereji haziko bubu hata kidogo. Ni sisi ambao hatukuwa tunasikiliza.

Mfano. Baba mdogo ana Isuzu ya zamani, injini ya lita 2.5, inabeba omena na wakati mwingine mbuta kutoka upande wa Homa Bay. Mwaka juzi ilianza tabia. Inatoka vizuri, inaenda kama kilomita 20, halafu inakufa nguvu taratibu kama mtu anayesinzia. Ukisimama dakika tano, inarudi kuwa nzima. Unaenda tena, inasinzia tena. Akaipeleka gereji moja yenye vioo na risiti, siitaji jina. Wakasikiliza dakika chache, wakasema injini imechoka, ifanyiwe ovaholi: pistoni, ringi, hedi, kila kitu. Bei waliyotaja ilikuwa ya kununua ng'ombe kadhaa. Yeye alikuwa ameanza kweli kuuliza bei za ng'ombe.

Mzee wa nyuma ya stendi hakugusa injini. Aliuliza maswali. Moshi ni rangi gani ikikosa nguvu? Hakuna moshi. Inarudi yenyewe ukisimama? Ndiyo. Akacheka. "Omera, injini ikichoka haipumziki dakika tano ikapona. Wewe ukichoka ndio unapumzika." Akachukua jerikeni ya lita tano, akaiweka dizeli safi, akaifunga karibu na injini, akachomoa paipu inayotoka kwa tangi na kuunganisha paipu ya plastiki inayoangaza kutoka kwa jerikeni. Wakaenda nayo mpaka karibu na Isebania na kurudi. Gari ilivuta kama mpya. Kwa hivyo pampu nzima, nozo nzima, mbano mzima. Shida iko kati ya tangi na filta.

Wakateremsha tangi. Ndani kulikuwa na kipande cha juala, yale mabegi ya nailoni yaliyopigwa marufuku Agosti 2017. Wakati fulani kifuniko cha tangi kilipotea, mtu akaziba mdomo kwa juala na kamba ya tairi, vile kila mtu alikuwa anafanya. Kipande kikakatika kikaingia ndani. Kila dizeli ilipovutwa kwa nguvu, kipande kilienda kujibandika kwenye mdomo wa paipu. Gari ikisimama, mvuto unaisha, kipande kinaelea, gari inapona. Marufuku iliondoa majuala dukani. Hiyo moja ilikuwa imeshajificha.

Nilimuuliza, jaduong', ulijuaje? Akasema, "Nyathina, sikujua. Niliondoa." Nimefikiria hayo maneno mawili zaidi ya lecture yoyote. Hakubahatisha kitu cha kununua. Alitafuta kitu cha kuondoa kwenye orodha, akianza na cha bei rahisi.

Na utaratibu wake ndio huu, nimeuandika vile alivyouongea, si kwa mpangilio wa kitabu. Kwanza mtu akanyage accelerator hadi chini huku mwingine anaangalia kwa pampu: mkono wa pampu unafika mwisho? Waya ikiwa imelegea, unakanyaga yote na pampu inapata nusu. Hiyo inaponywa kwa spana moja. Kisha filta ya hewa, hasa kama gari inaishi barabara za vumbi za Nyatike au Suba. Ikitoa moshi mweusi hata tambarare, fikiria hewa imezibwa au, kwa gari la tabo, bomba limepasuka na hewa inatorokea njiani. Filta ya dizeli ifuate, na ufungue kile kiskurubu cha chini utoe maji, maana tangi likiachwa nusu usiku kucha pale ufuoni hutengeneza maji yake lenyewe. Kisha jerikeni. Kwenye ile paipu inayoangaza angalia mapovu: yakionekana hata ukiwa umetumia jerikeni, kuna mahali mbele pa paipu panavuta hewa, na dizeli yenye hewa haisukumiki.

Baada ya hapo ndipo nozo. Injini ikinguruma polepole, unalegeza nati ya paipu ya kila nozo, moja baada ya nyingine. Ukilegeza na sauti ikabadilika, hiyo silinda inafanya kazi. Ukilegeza na hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo mvivu. (Kitambaa juu na mkono mbali, wasee. Dizeli ya kwa nozo ina shinikizo la kupenya ngozi, na hiyo si hadithi ya kutisha watoto, ni upasuaji.) Moshi mweupe wenye kuchoma macho unakupeleka kwa wakati wa pampu au mbano mdogo. Moshi wa bluu ni oili, na hapo ndipo sasa unafungua kifuniko cha oili uone kama injini inapumua kwa nguvu kama jiko. Ikipumua hivyo, sawa, leta hiyo habari ya ovaholi. Unaona iko wapi kwenye foleni? Mwisho. Ile gereji yenye vioo ilianzia huko.

Kuna watu wataniambia haya yote yanaenda kufa, kwamba pikap mpya zina kompyuta na shinikizo la mafuta lililo mara nyingi zaidi ya la zamani. Ni kweli, na zina shida yake: nozo za sasa hazivumilii uchafu hata kidogo, na ile dizeli ya salfa ndogo ambayo Afrika Mashariki ilihamia 2015 inasaidia hewa yetu lakini haimuokoi mtu aliyeuziwa mchanganyiko. Skana itakuambia shinikizo limeshuka. Haitakuambia kama limeshuka kwa sababu ya pampu, filta, au juala. Vijana wawili wanaojifunza kwa yule mzee wameshanunua skana ya kichina kwa kuchanga, na siku nilipokuwa huko walikuja na pikap ya juzi juzi, imewasha taa, imekosa nguvu, mwenyewe ameambiwa mahali anunue pampu mpya. Skana ikasoma vile ilisoma. Mmoja akaiangalia, akaiweka juu ya boneti, akaenda kutafuta jerikeni.